Makabidhiano

Wandera, ufunguo huu wa shaba ni wa mlango wa mbele.
Usiulazimishe. Uvute mlango kwako kidogo,
kama unayemnong'oneza mtu, ndipo uzungushe.
Huu mfupi ni wa stoo. Masika hukwama,
na hauna dawa ila subira na mafuta ya taa.
Huu wa tatu sijui ni wa nini.
Miaka ishirini na sita nimeutunza, mlango wake sijauona.
Uchukue tu. Umenunua nyumba na fumbo lake.

Mabati ya upande wa kiwandani yapake rangi kabla ya Desemba,
vumbi la saruji huyala polepole, halina haraka.
Sikudanganyi: asubuhi utafuta meza,
jioni utaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole.

Yule pale aliyekalia begi ni Nyaketcho, mke wangu.
Hataki kuingia tena ndani.
Jana aligawa vyombo: sufuria kubwa la arusi kwa kanisa,
vikaango kwa mawifi, vikombe kwa yeyote aliyepita njiani.
Akabakiza kijiko kimoja.
Nikamuuliza, cha nini?
Cha kuonjea, akasema.

Mimi nimepima ardhi za watu tangu enzi za mnyororo wa chuma.
Nimesimama katikati ya ndugu wenye mapanga,
nikasema mpaka ni hapa,
nikazika jiwe, nikala kuku wa upande ulioshinda.
Nusu ya Tororo inalala ndani ya mistari yangu.
Na kila nilipoinamia darubini
jicho lilipita kigingi, likapita mtama,
likafika kilima cha pili, na nyuma yake kingine,
huku mshika bendera wangu akipunga, akipunga,
akidhani namtazama yeye.

Serikali ikanipa kiinua mgongo.
Jina hilo nalipenda.
Mgongo ukishainuliwa,
watu wanashangaa nini miguu ikifuata?

Binti yetu Athieno amepiga simu mara nne kutoka Mbarara.
Krismasi tutakuja wapi? Mkiugua je?
Mkifa ugenini, tuwazike kwenye kiwanja cha nani?
Nilimjibu la Krismasi tu.

Leo ni Malaba, kesho Nairobi,
kisha ndege, ya kwanza kwake na kwangu,
mpaka Tbilisi, mji niliouchagua
kwa kuwa ulimi wangu hujikwaa mlangoni mwake.
Nasikia huko mkate hubandikwa kwenye ukuta wa tanuri.
Baada ya hapo hatujui.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
siku ya pili jioni tutakuwa tumefunga begi.
Au tutalipokea hilo jembe,
tuone udongo wao unavyokatika.

Jambo jingine. Jiwe la kona ya kaskazini
nililiweka mwenyewe, na nililikosea kwa futi mbili.
Nilikuwa kijana, na futi mbili zilikuwa tamu.
Mzee Obbo, jirani, alijua. Hakusema neno.
Kila mavuno nilimpelekea chungu cha malwa na mrija mpya.
Mpelekee na wewe.

Lililobaki halimo kwenye hati ya mauzo.
Ule mparachichi: chini yake kuna vitovu vitatu,
viwili vya walio hai.
Ukitaka kuukata ujenge maduka, ukate. Umeulipia.
Ila usinipigie simu.

Haya. Boda wawili wanapiga honi,
Nyaketcho amesimama, kanga ameikaza.
Kwaheri, Wandera. Ulale vizuri humo,
chumba cha nyuma kina upepo.

Nimefika getini, napapasa mfuko.
Mkono unatafuta funguo.
Mkono bado haujaambiwa.